Dereva wa Safari ya Mizabibuni

Siku Bwana Mipango alipopeleka suruali yake ikapunguzwe kiuno, hakuwa na nia mbaya na mtu yeyote. Hili lisemwe mapema, maana mbele huko hatutapata tena nafasi ya kumsifia. Alikuwa ameketi kwenye benchi la duka la cherehani, kajifunga kipande cha pazia la mteja mwingine, akisubiri suruali, ndipo upepo ukafunua turubai uani na macho yake yakaona gari.

Lilikuwa gari la viti saba. Matairi mapya, rangi haina mkwaruzo. Mipango akajiweka vizuri ndani ya pazia lake.

"Shangazi," akaita. Hawakuwa na undugu wowote, ila kwa Mipango kila mwanamke mwenye mali alikuwa shangazi. "Lile gari la nani?"

"La marehemu mume wangu," fundi akajibu bila kuinua macho kwenye sindano. "Linakaa tu. Mimi kuendesha sijui, na kaka yangu Mwalimu macho yamekwisha, anaweza kumpitia ng'ombe akidhani kivuli."

"Na huuzi?"

"Niuze? Hapana, mwanangu. Nina hamu nalo moja tu." Akaonyesha kwa mkasi picha iliyobandikwa ukutani, imekatwa kwenye kalenda: mistari ya mizabibu imepanda kilima mpaka inapotelea. "Nataka kutoka hapa pwani, nivuke mpaka, nikaonje mvinyo palepale unapotengenezwa. Siku mbili barabarani. Lakini nani atanipeleka mimi?"

Akashusha pumzi ndefu. Mtu mwingine angesikia huzuni ya mjane. Mipango alisikia mlango ukifunguliwa.

"Shangazi, umelala maskini umeamka tajiri," akasema. "Mimi kazi yangu ni hiyo hiyo. Mizabibuni naingia kama kwangu."

Tumwelewe kidogo. Miezi minane nyuma mkewe alimtoa nje na sanduku lake, akamwambia arudi siku atakapokuwa na kazi yenye kibao mlangoni. Mipango alishachagua kibao chenyewe: kinyozi, vioo vikubwa viwili, kiti cha kuzunguka. Alimpenda mkewe kwelikweli. Ni jambo pekee maishani mwake ambalo hakuwahi kulitia chumvi. Gari la viti saba, likiuzwa ng'ambo ambako hakuna anayemjua mwenyewe, lingetosha chumba cha kinyozi, vioo, na zawadi ya kuingilia nayo nyumbani.

Hesabu ilikuwa rahisi. Awavushe mpaka, awafikishe kwenye shamba la mvinyo, na wakishafika glasi ya pili aende "kuangalia maji ya gari" asirudi. Mnunuzi alishampata kwa simu. Kadi ya gari ingekuwa kwenye kidroo cha mbele, na sahihi ya Shangazi alishaifanyia mazoezi nyuma ya risiti ya suruali.

Kilichomchosha ni vikao.

Alidhani angepanga safari kwa dakika kumi. Kumbe Shangazi alikuwa na kamati. Kaka yake Mwalimu, mstaafu mwenye miwani minene kama chini ya chupa, alikuwa katibu. Rafiki yake Nesi, mstaafu naye, alikuwa mweka afya. Kila alasiri wakakaa kati ya vitambaa na mabaki ya nyuzi, Mwalimu akafungua daftari, na Mipango akahojiwa kama mtu aliyeiba kuku.

"Tutasimama choo mara ngapi?" akauliza Nesi.

"Mkitaka tu, dada."

"'Mkitaka' si jibu. Kibofu hakisubiri kilima kiishe. Andika kila saa moja, Mwalimu."

Mwalimu akaandika, pua ikiwa karibu kugusa karatasi. "Na huko shambani, kuna zabibu za aina gani?"

Mipango hakuwahi kuonja mvinyo zaidi ya ule wa harusi za watu asiowajua. Lakini hakuwa mtu wa kushikwa na swali. "Nyeupe ni za asubuhi, Mwalimu. Nyekundu ni za jioni. Ukichanganya, unapata ile ya saa saba mchana."

"Makubwa!" akasema Mwalimu kwa heshima, akaandika yote.

Kikao cha nne, Nesi akauliza kuhusu breki. Cha tano, Mwalimu akasoma mahali kuwa betri ya gari lililolala haiaminiki. Cha sita, Shangazi akaweka mkasi chini na kusema kwa unyonge kwamba yeye ni mjane wa cherehani, hana uwezo wa mambo hayo, basi safari na iahirishwe mpaka mwakani, Mungu akipenda.

"Haiahirishwi!" akaruka Mipango. "Breki ni juu yangu. Betri pia."

"Mwanangu, nitakushukuru vipi?"

"Usinishukuru, Shangazi. Ni moyo tu."

Moyo huo ulinunua breki, betri, bima ya kuvukia mpaka na vifuta kioo. Moyo ukalipia na vyumba vya kulala njiani. Mipango alijifariji kwamba mwenye kulisha ng'ombe wake halalamiki, na ng'ombe huyu alishamwona kuwa wake. Asubuhi ya safari alilifuta gari vioo kwa mkono wake, akalizunguka mara mbili, akalipapasa boneti. Shangazi alimtazama kutoka mlangoni akatabasamu, na Mipango akaona huruma kidogo. Ilimpita haraka.

Safari yenyewe tusiichoshe. Walisimama choo mara kumi na moja. Siku ya pili asubuhi wakafika mpakani, wakapanga foleni mbele ya dirisha la forodha.

"Gari linaingia kwa muda au moja kwa moja?" akauliza afisa, kijana mwenye kalamu masikioni, moja kila upande.

"Kwa muda," akasema Shangazi. "Tunakwenda kuonja tu, tunarudi."

"Basi linaandikwa kwenye pasipoti ya mtu mmoja. Mwenye gari yupo?"

"Ni mimi," Shangazi akasema, kisha akarudi nyuma hatua moja kama aliyeona nyoka. "Lakini baba, mambo ya mihuri mimi siyajui. Naogopa. Si wanaume wapo?"

Gari kuandikwa kwenye pasipoti yangu! Mipango aliona bahati imemdondokea mapajani. Alishahangaikia sahihi ya kughushi, na sasa serikali nzima inataka kumpigia muhuri kwamba gari ni lake.

"Niandike mimi," akasema, akatanguliza kifua. "Mimi ndiye dereva, mimi ndiye mwenye dhamana."

"Una uhakika? Umesoma hapa chini?"

"Kaka, piga muhuri. Watu wazima wamesimama juani."

Muhuri ukapigwa. Mipango alilisoma jina lake na namba ya gari, vikiwa mstari mmoja, akaona vimependezana kama maharusi. Maandishi madogo ya chini yalikuwa madogo sana, naye alikuwa na furaha kubwa sana.

Walifika shambani kabla ya adhuhuri. Kweli kulikuwa na mizabibu, mistari na mistari, na ukumbi wa mawe wenye mapipa. Nesi akataka choo. Mipango naye, kwa kuwa kazi kubwa ilikuwa mbele yake, akaona afadhali atangulie. Alinawa uso, akaweka tai sawa, akajiambia kwenye kioo, "Kinyozi." Alipotoka, akaingia ukumbini kuhakikisha wamefika glasi ya pili.

Glasi tatu zilikuwa mezani, zimejaa, hazijaguswa.

Akatoka mbio. Pale walipoegesha gari palikuwa na doa la maji na kuku mmoja.

"Wale wazee wako?" akasema mfanyakazi aliyekuwa akipanga makreti. "Wameondoka. Mama kasema dereva anaumwa tumbo, asisumbuliwe."

"Nani kaendesha?"

"Yule mzee wa miwani. Aliivua kwanza, akaiweka mfukoni, akatoa ufunguo wake. Anakata kona vizuri, mzee yule, sijapata kuona."

Mnunuzi wa Mipango alimpigia simu mara tatu, kisha akamtukana, kisha akanyamaza. Mipango alisubiri mpaka kesho yake akiamini bado kwamba wazee wamepotea njia. Ukweli aliupata mpakani, alipofika kwa miguu, viatu vimejaa vumbi, akitaka tu kurudi nyumbani. Wazee watatu walishapita jana jioni kwa basi, afisa akamwambia, wachangamfu, mkoba wa mama umevimba, pasipoti zao safi kabisa.

"Na wewe gari lako liko wapi?"

"Si langu."

"Limeandikwa kwako. Uliingia nalo, utatoka nalo. Ndiyo maana ya yale maandishi madogo."

"Nimeibiwa, kaka! Nimetapeliwa!" Aliposikia neno hilo likitoka kinywani mwake mwenyewe, Mipango alikaribia kulia, na si kwa kuigiza. Alimwona mkewe mlangoni, mikono kiunoni.

"Basi ulipie ushuru wa gari zima, kama vile umeliuza huku. Huna? Kuna kazi ya kuchuma zabibu, wanachukua watu. Kila Jumatatu unakuja hapa kuripoti, mpaka umalize."

"Itachukua muda gani?"

Afisa akaangalia daftari, akaangalia mizabibu kwa mbali. Akanyoosha kalamu kwenye ukuta wa pembeni. Palikuwa na benchi refu, na juu yake wanaume watatu wenye vidole vilivyobadilika rangi, mmoja amevaa tai. Mipango akalisogelea.

Yule mwenye tai akajisogeza kumpisha.

"Kaa, ndugu yangu, usione haya," akasema. "Mimi langu lilikuwa pikapu. Shangazi hajambo?"