Uzinduzi wa Mashine ya Kusoma Pumzi ya Tumbo

Kosa la watu wengi, wakiwemo baadhi ya walioketi meza kuu, ni kudhani kwamba gesi ya tumbo ina mlango mmoja tu wa kutokea. (Kicheko. Daktari mkuu anatazama viatu vyake.) Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Maandalizi, Mheshimiwa Makamu wa Kamati ya Kuandaa Kamati hiyo, wadau wote wa mmeng'enyo, na nyinyi wagonjwa wapendwa mlioamka na njaa mkapuliza maputo ya kipimo: sukari iliyolishinda tumbo, kama ile ya maziwa, hushuka hadi utumbo mpana, vijidudu vya huko huila, hutoa gesi, gesi huingia kwenye damu, hupanda mapafuni, na kutoka kinywani kistaarabu kabisa. Mashine ikiinusa, inajua tumbo lako limegombana na nini. (Makofi.)

Kwa mujibu wa upembuzi yakinifu na shirikishi uliofanywa na ofisi yangu, yaani mimi, asilimia tisini na tisa nukta nne ya wananchi wanapumua, na hao waliobaki tunawafuatilia. (Makofi marefu.)

Namwona pale mama mshonaji, ambaye kwa miaka mitatu tumbo lake hujaa mpaka wateja humpa hongera.

("Wameshaniletea nepi, mheshimiwa. Mimi nataka kujua tu, ni maziwa au si maziwa?")

Swali la kimkakati, mama, na jibu lake limo ndani ya puto lako. Ila Kamati ya Mapambo, kwa moyo wa kujituma, iliyakuta maputo maabarani, ikadhani ni ya sherehe, ikayatundika. (Ukumbi mzima unatazama juu.) Lako ni lile la buluu?

("La buluu ni la mume wangu, huyo anajisingizia ugonjwa." Puto linapasuka. Safu mbili za mbele zinahama.)

Hayo, ndugu zangu, ndiyo matokeo ya awali. Pumzi moja! (Tumbo moja.) Puliza kwa maendeleo! (Tunapuliza.)

Nawashukuru kwa imani yenu katika mashine ambayo, kama muuguzi huyu anavyonikumbusha kwa kunivuta koti, haijafika, haijasafirishwa, na kusema kweli hatukuwahi kuiagiza. Anaomba pia nikufikishie, mama mshonaji, neno ambalo angekwambia miaka mitatu iliyopita kama tusingemfungia kwenye vikao: leo usinywe maziwa.