Makofi kwa Sentensi Yangu Moja

Jumatano, 4 Machi 1931, Paris

Ijumaa picha yetu ya sinema inaonyeshwa mara ya kwanza. Picha ya kusema! Mimi ni mtumishi mzee. Bibi anamngoja mumewe, nafungua mlango, natamka: “Bibi, hatarudi tena.” Sentensi moja tu, lakini picha nzima imeiegemea. Mwongozaji, Bwana Lavergne, anatafuta mzee wa kucheza babu katika picha ijayo. Nikichaguliwa, basi tena kuwafungulia walevi mlango wa mkahawa kwenye baridi. Nisipochaguliwa, atachaguliwa Gleb Zakharovich, ambaye kwetu Urusi, mjini Kharkov, mimi nilipokuwa mwigizaji, yeye alikuwa mwasha taa za jukwaani.

Alhamisi, 5 Machi

Mpango tayari. Kwetu, mwigizaji wa maana akiingia jukwaani hupigiwa makofi, naye husimama hadi yaishe. Wafaransa hawajui adabu hiyo. Nimewaomba wenzetu kumi na wawili wa kanisani waje. Nitawalisha mikate ya kabichi. Gleb akasikia. Ati, “Arkadi Lvovich, ndugu yangu, na panya wa ukumbini nao utawahonga?” Wivu mtupu.

Jumamosi, 7 Machi

Balaa jana usiku! Nilipofungua mlango tu kwenye picha, wenzangu wakalipuka. Makofi, miluzi, vishindo vya miguu. Ukumbi mzima ukafuata. Jukwaani ningengoja. Yule wa kwenye picha hakungoja! Akafungua kinywa, akafunga kinywa, akaondoka. Hakuna aliyesikia neno. Gleb akaninong'oneza: “Hongera, mzee. Umeigiza kama samaki.” Sikulala. Niliuona ule mlango wa mkahawa hadi asubuhi.

Jumapili, 8 Machi

Gazeti linasema mzee yule, midomo ikitetemeka bila sauti, amewaliza hata wanaume. Lavergne akaniita. Nilipofika, akanikumbatia! “Baba, Mungu awabariki waliopiga makofi. Kwenye mashine ya kunasia sauti, sauti yako ilitoka kama bawaba yenye kutu. Niliogopa watu wangecheka.” Sentensi ameikata. Na babu ni mimi! Babu bubu, mwanzo hadi mwisho. Nikashusha pumzi ambayo nadhani niliibana tangu siku nilipoiacha Kharkov. Gleb kaja kunipongeza, uso kama aliyekunywa siki.

Jumatatu, 9 Machi

Nimetafakari. Bawaba? Mashine ile ndiyo mbovu. Babu lazima aimbe, tena wimbo mrefu. Kesho namweleza Lavergne. Wapiga makofi nimeshawaagiza: ishirini na wanne.