Kengele, Pasi na Ubao wa Corlett

Alhamisi, 24 Agosti

Wanataka kuuvunja ubao wangu. Kuuvunja! Habari nimepewa na Merle, mshika saa wetu, ambaye amekuwa akipima muda wa mechi za Corlett tangu mimi nikiwa na nywele. Kamati itapiga kura Jumatatu. Aliyeleta hoja ni Kevin Schirmer, katibu wa klabu, mtu wa kalamu nne mfukoni. Anasema ubao wa matokeo wa mbao ni aibu kwa klabu ya ligi ya jimbo. Anataka skrini.

Ubao huo aliujenga baba yangu kwa mikono yake, mwaka ambao Shakwe wa Corlett walichukua kombe. Miaka ishirini na miwili sasa napanda ngazi yake kila mechi ya nyumbani, naingia ndani, natundika vibati vya namba kwenye misumari. Alama zetu, alama zao, na chini kabisa matokeo ya viwanja vingine. Sijawahi kukosea. Isipokuwa mara moja. Mbili.

Jumamosi ndiyo raundi ya mwisho ya mpira wetu, ule wa umbo la yai, unaodakwa kwa mikono na kupigwa kwa mguu. Tukiwafunga Henty hapa nyumbani, na Norrow wakifungwa huko Mundrie, tunaingia hatua ya fainali. Miaka kumi na moja hatujaingia! Na Schirmer amechagua siku hiyo hiyo kuleta skrini ya kukodi, juu ya trela, ikae bega kwa bega na ubao wangu. Ameniambia eti tushindanishe, huku anatabasamu kwa meno yote.

Mpango wa kwanza: nahodha. Darcy Pfeiffer akisema neno moja mbele ya kamati, kamati itanywea. Jioni nimekwenda mazoezini na boksi la maandazi ya jamu na krimu. Nimemkuta amekaa ndani ya pipa la barafu. Miaka thelathini na nne, karibu mita mbili kwa urefu, magoti yamepasuliwa mara tano, siku za kazi ni fundi umeme. Jumamosi huenda ikawa mechi yake ya mwisho. Nilikuwa nimeandaa hotuba. Nikayaona yale magoti, hotuba yote ikanitoka. Nikasema, "Magoti." Akasema, "Ndiyo mzee, mawili." Nikamwachia maandazi nikaondoka zangu. Mungu wangu, mtu yule!

Ijumaa, 25 Agosti

Mpango wa pili. Huu ni wa kisayansi.

Skrini imefika. Kubwa kuliko gereji yangu. Nimejifanya natafuta mwavuli, nikachungulia. Waya wake umechomekwa kwenye soketi iliyo chini ya ubao, njia moja na hita yangu ya miguu. Njia moja! Mzigo ukizidi, fyuzi inakatika na skrini inazimika. Ubao wa mbao hauli umeme. Hapo tutaona aibu ya klabu ni nani.

Nimefanya jaribio nyumbani. Hita, birika la umeme, na pasi ya mke wangu Glenys, vyote kwenye soketi moja. Nyumba nzima giza. Glenys alikuwa anakausha nywele, upande mmoja tayari, upande mmoja bado. Ameniuliza kwa upole sana ninafanya nini. Upole ule ulinitisha. Nikamjibu kwamba napima usalama wa nyumba. Akasema niupime wa kwangu kwanza.

Lakini imethibitika. Hita peke yake bado. Birika bado. Pasi ndiyo inayomaliza kazi. Nimeiviringisha kwenye taulo, iko ndani ya begi la vibati.

Jumamosi, 26 Agosti

Niko jikoni. Ngoja niandike kwa mpangilio, la sivyo kesho sitaamini.

Asubuhi mvua, mchana jua. Watu elfu tatu. Magari yamezunguka uwanja mzima, kila goli honi. Noelene, shemeji yangu, yuko Mundrie, ananipigia simu kila matokeo ya huko yanapobadilika. Ndivyo tunavyofanya miaka yote. Mimi natundika kibati, na watu wanashangilia au wanaguna ingawa mbele yao hakuna kilichotokea. Hapo huwa najiona mtu mkubwa, sikatai.

Robo tatu za kwanza zilikuwa mateso matupu. Skrini ilitoa matokeo ya Mundrie kabla Noelene hajaitoa simu mkobani. Watu wote wakageuzia shingo huko. Elfu tatu! Aliyebaki kuniangalia mimi ni mbwa mmoja, naye nadhani alikuwa anaangalia pai yangu. Schirmer akanipungia mkono kutoka chini. Kunipungia!

Robo ya nne, dakika ya tano. Norrow wanaongoza huko kwa magoli matatu, sisi tuko nyuma hapa, na skrini inawaka kwa rangi zote. Nikasema basi. Nikawasha hita. Nikawasha birika ninalochemshia chai humo. Nikachomeka pasi. Tak! Skrini ikawa nyeusi katikati ya tangazo la magodoro. Furaha niliyoipata siwezi kuiandika, maana najua Glenys husoma humu.

Kisha spika zikakata. Kisha wakaanza kulalamika kantini. Kisha Merle akachomoza kichwa kwenye dirisha la kibanda cha washika saa, hapo chini yangu tu, akapiga kelele: "We Clive! King'ora kimekufa!"

King'ora! Sikukifikiria king'ora hata kidogo. Muda ukiisha king'ora ndicho kinachosema, na mwamuzi hasimamishi mchezo mpaka asikie mlio. Merle hakupoteza wakati. Kanuni inasema king'ora kikifa inapigwa kengele. Na kengele ya shaba ya klabu iko wapi? Kwangu, ndani ya ubao, inazuia mlango usijifunge. Schirmer akatimua mbio uwanjani kuwaarifu waamuzi, kalamu zinaanguka njiani. Merle akanipa amri: muda ukiisha atatoa leso nyekundu dirishani, nami nipige papo hapo. "Papo hapo, Clive. Usianze kuwaza." Mshika saa wa Henty aliyekaa naye, mzee Basil, akaafiki.

Hapo mambo yakabadilika. Skrini imekufa, kwa hiyo wote wakanigeukia mimi. Noelene akapiga: Mundrie wamefunga goli. Nikatundika. Akapiga tena: jingine. Nikatundika. Elfu tatu wakavuta pumzi kwa pamoja, niliisikia kule juu, nywele za mkono zikasimama. Mundrie, wa mwisho kabisa kwenye msimamo, ambao hawajashinda tangu Mei, wanawafukuza Norrow! Kisha Noelene akapiga analia. Sikuelewa neno. Nikamwambia avute pumzi, shemeji, avute pumzi. Mundrie wamepata goli la tatu, na pointi moja ya mpira uliopita kando: Norrow wamefungwa kwa pointi moja. Imekwisha.

Nikatundika namba. Pembeni nikatundika kibati chekundu, maana yake mechi hiyo imemalizika. Honi zote zikalia kwa wakati mmoja, ilhali kwetu mpira ulikuwa umetoka nje na unatafutwa chini ya gari la mtu.

Kwa hiyo tumebaki sisi. Henty 79, Corlett 75. Goli moja, pointi sita, tumevuka. Tukikosa, tumekwenda nyumbani na Pfeiffer amestaafu.

Mpira ulipigwa kutoka katikati, juu sana. Chini yake wamejaa watu watano. Leso nyekundu ikatokea dirishani. Niliiona. Hii ni shajara, siwezi kujidanganya humu: niliiona vizuri kabisa. Kengele ilikuwa mkononi.

Na wakati huo huo Pfeiffer akaruka.

Alipanda mgongoni kwa beki wa Henty, maana kwetu kumpanda mtu ili kudaka si kosa. Goti juu ya bega la mtu, lile lile lililopasuliwa mara tatu. Akazidi kupanda. Nilidhani sasa atashuka. Hakushuka! Fundi umeme wa kilo mia yuko hewani, viatu vyake viko usawa wa vifua vya watu, mikono imefunguka, uso wote umejaa jua. Naangalia mchezo huu tangu nikibebwa mabegani kwa baba. Sijaona kitu cha namna ile. Nilisahau leso. Nilisahau skrini. Mungu anisamehe, nilisahau hata kupumua. Akaudaka kwa ncha za vidole, akaanguka chali nao, na hakuuachia.

"CLIVE!" Merle huyo.

Nikaipiga ile kengele mpaka mpini ukalegea.

Muda umekwisha, lakini aliyedaka kabla ya mlio ana haki ya kupiga mpira wake. Mita hamsini na tano, pembeni. Hakuna aliyekohoa. Hata watu wa Henty hawakuzomea, nadhani walitaka kuona tu. Pfeiffer akavuta soksi zake. Akachechemea hatua mbili, akakimbia nane, akapiga. Mpira ukaenda kulia, mama yangu, ukaenda kulia sana, halafu ukarudi. Mwamuzi wa goli akaangalia juu, akanyoosha vidole viwili mbele yake, akaokota bendera zote mbili na kuzipeperusha. Goli!

Nimelia. Ndiyo, nimelia, na sioni haya. Watoto kwa wazee wakamiminika uwanjani na mipira yao kupigiana kama kawaida, na mimi nikatundika matokeo huku machozi yananitoka. Kumbe nimetundika 18 badala ya 81. Hakuna aliyejali isipokuwa Schirmer, aliyepiga picha.

Jumapili, 27 Agosti

Sikulala vizuri. Merle amekuja baada ya ibada, bado na kofia yake, akaweka saa yake mezani karibu na chai. Henty wamelalamika. Ligi imempigia simu yeye na Basil. Amewaambia ukweli, kwamba kengele ilichelewa. Kisha akaniuliza mimi nilikuwa nangoja nini.

Nikamwambia sikuwa nangoja. Nilikuwa naangalia.

Akaipindua saa yake kifudifudi mezani. Kisha akasema hata yeye. Alitoa leso, akainua macho, na hakukumbuka kunipigia kelele mpaka Pfeiffer alipogusa nyasi. Ni sekunde tano au kumi, hawezi kuapa. Na Basil? Basil, mtu wa Henty damu na mifupa, ameiambia ligi kwamba naye hawezi kuapa, kwa sababu alikuwa amesimama juu ya kiti mikono juu akimshangilia mchezaji wa Corlett, na saa yake ilikutwa ndani ya kikombe. Ligi imeamua: mchezo huisha mlio unaposikika. Matokeo yabaki.

Nilitaka kumbusu Merle. Akaninyooshea kidole kwamba nisithubutu.

Saa nane nimeitwa uwanjani. Kamati imetuma fundi kutafuta umeme ulikatikia wapi. Fundi ni nani? Pfeiffer! Amepanda ngazi yangu kidato kwa kidato, goti limefungwa bandeji, akainamisha kichwa, akaingia ndani ya ubao wa baba yangu. Nilisimama wima utafikiri wimbo wa taifa unapigwa. Akaiona soketi. Akaiona hita. Akaliona birika. Pasi akaiangalia muda mrefu zaidi.

Akaniuliza, "Mzee Clive, humu ulikuwa unapiga pasi nini?"

Nikasema bendera.

Akachungulia bendera ya klabu pale juu. Ina makunyanzi ya tangu Machi. Akatoa kikaratasi, akaandika: mzigo mwingi kwenye soketi moja. Akaizungushia pasi waya wake taratibu, akanikabidhi. Kisha akauliza yale maandazi niliyanunua wapi.

Jumatatu, 28 Agosti

Kamati imekaa. Nimekaa nyuma na begi langu mapajani. Nilikuwa tayari kwa lolote, hata kulia tena.

Pfeiffer akaomba kusema. Sikumwomba! Akasema alipokuwa amelala chali na mpira kifuani alitazama ubao, akaona kibati chekundu cha Norrow, akajua pigo lile ndilo lote. Skrini ilikuwa nyeusi. Akakaa. Basi. Hiyo ndiyo hotuba. Halafu akasimama Schirmer, na nikafumba macho. Schirmer amesema umeme ulipokatika, klabu iliokolewa na mbao, misumari na kengele, na kwamba yeye anaondoa hoja yake. Ubao unabaki! Wote saba wamenyoosha mikono! Nimemshika Schirmer mkono kwa mikono miwili. Kalamu moja imenichoma.

Sharti ni moja. Soketi iondolewe ndani ya ubao leo hii, na Clive Trezise asichomeke kitu chochote mahali popote katika uwanja wa Corlett maisha yake yote. Nimekubali mara moja. Nimejifunza. Nimewaambia hivyo, na nilimaanisha.

Jumamosi tunacheza mechi ya kwanza ya hatua ya fainali, uwanja mkubwa wa mjini. Huko hakuna ubao wa mbao. Kuna skrini tu, mbili, kila upande wa uwanja. Na kengele, nimeuliza, hawana kabisa. Jambo la hatari. King'ora kikifa watafanyaje? Nimeing'arisha ya kwetu, nitaibeba tu, kwa usalama.

Glenys amenunua pasi mpya, amesema ile ya zamani inanuka waya. Ameificha juu ya kabati. Ni wati elfu mbili na mia nne. Imeandikwa chini yake.