Kifundo Kilichogomea Mlima

Jumatatu, 3 Mei 1999. Mji wa Baraka, Kongo.

Wilfried hajarudi. Siku ya tatu leo. Jirani yangu huyu, muuza ndakala, dagaa wa ziwani, alisimamishwa kwenye barrière, kizuizi cha askari barabarani. Wanaume wote wakaamriwa kuchuchumaa, kisha kuinuka. Aliyeinuka bila kushika chini alitwikwa sanduku la risasi kupeleka Lulimba. Wilfried aliinuka kama panzi. Mjinga! Mkewe amekaa mlangoni tangu asubuhi na hakuna anayethubutu kumwuliza kitu.

Mimi ni fundi cherehani, miaka arobaini na mmoja, magoti mazuri kupita kiasi. Naogopa. Nayaandika haya hapa kwa sababu daftari halicheki.

Lakini akili ni mali. Nimepata dawa: kifundo cha mguu kisichokunjika! Mbao mbili nyembamba, mabaki ya vitenge, kaza. Nikifunga leo kitazoea, na wakija sitakuwa najifanya. Nimemwambia mke wangu Constance kwamba nilitumbukia shimoni njiani kutoka ziwani. Akauliza shimo gani. Nikasema la kawaida.

Jumanne, 4 Mei.

Sikufikiria pedali! Pedali ya cherehani inataka kifundo: vidole chini, kisigino chini, vidole chini. Changu kimelala, basi nakanyaga kwa paja zima. Goti linagonga meza, nyonga inapanda na kushuka. Sare ya binti wa Mama Asha imetoka na mshono kama njia ya kuku.

Déogratias, fundi wa ng'ambo ya barabara, adui yangu tangu mwaka 1987, alivuka kuniuliza kama nashona au natwanga muhogo. Mama Asha akacheka, akachukua kitambaa chake, akavuka naye. Na nyonga inauma. Ajabu, nyonga sikuifunga.

Alhamisi, 6 Mei.

Nimekwenda kwa Félicité, infirmière, muuguzi wa kituo cha afya, kuomba karatasi yenye muhuri: huyu hafai kubeba. Akafungua mbao, akaniambia nichuchumae. Kisigino cha kulia kikakataa kushuka, nikaanguka chali ndani ya ndoo. Nikafurahi! Yeye hakufurahi. Akanisimamisha mbele ya ukuta: kisigino chini, goti liguse ukuta. Goti likakimbilia ndani badala ya mbele.

"Papa Raphaël," akasema, "kifundo ikikatala kazi, goti na nyonga ndiyo bitalipa. Siku utataka kukimbia, utakimbia na nini?"

Akaniagiza zoezi hilo la ukuta, mara thelathini asubuhi, mara thelathini jioni. Karatasi hakunipa. Wivu tu. Nimerudi nyumbani nikakaza zaidi.

Jumamosi, 8 Mei.

Wamekuja! Sokoni, saa nne asubuhi. Mkojo kidogo ulinitoka, hakuna aliyeona. Tulipangwa mstari, wanaume kumi na wawili. Chuchumaeni! Nikaanguka chali. Askari akatazama mbao zangu, akatema mate, akapita. Nikamshukuru Mungu na wazee wote wa ukoo.

Kisha mtu wa mwisho kwenye mstari akaanguka chali. Déogratias! Mbao mbili! Vitambaa! Hata fundo la kufungia ni langu! Mwizi! Askari akarudi. Akauliza imekuwaje mafundi wawili wa barabara moja waumie mguu uleule. Akasema Jumatatu atakuja kufungua hizo mbao kwa mkono wake, na kama tumemdanganya tutajuta kuzaliwa.

Wanne waliochuchumaa vizuri waliondoka na masanduku. Mmoja ni Henri, anayeniletea makaa ya pasi. Aliponitazama mimi nilitazama chini.

Jumatatu, 10 Mei. Porini.

Hakuja kufungua. Risasi zilitangulia. Mji mzima ulikimbilia milimani. Constance alibeba kichwa cha cherehani kichwani na kumshika mkono binti yetu Solange. Mimi nikazing'oa mbao. Hakuna tofauti! Kifundo kimevimba, kimekuwa ubao chenyewe. Nilichokitaka nimekipata.

Penye tambarare nilijikongoja. Mlima ni kitu kingine. Kifundo lazima kikunjike ndipo goti liende mbele na nyonga ifuate. Changu kiligoma, nikapanda kiubavu kama kaa, goti likiingia ndani, nyonga ikiwaka moto. Wote walinipita. Bibi Pulchérie, miaka themanini, alinipita akiwa na kuku.

Nyuma yangu alibaki mtu mmoja tu: Déogratias, naye kiubavu. Risasi zililia chini, upande wa soko. Niliketi nikalia, naandika kama ilivyokuwa. Nilijua nakufa kwa akili yangu mwenyewe.

Kisha Constance akashuka. Alikwisha kufika juu, akashuka tena! Akanifunga kitenge kiunoni. "Papa Solange, shika hapa. Usiangalie nyuma." Akavuta. Mimi nikamshika Déogratias kwenye kola. Sijui kwa nini.

Ijumaa, 14 Mei. Milimani, juu ya njia ya Fizi.

Tuko hai. Félicité naye yuko hapa. Asubuhi na jioni anatusimamisha mbele ya jiwe, mimi na Déogratias: kisigino chini, goti mbele. Leo goti langu limegusa jiwe. Nyonga imenyamaza yenyewe, wala hakuna aliyeigusa.

Mchana Wilfried ametokea! Amekonda, midomo imepasuka. Kabla ya kufika Lulimba alitupa sanduku, akaruka korongo, akatua amechuchumaa, akainuka, akakimbia. Siku nyingi akijificha. Mkewe alimkumbatia miguu akalia. "Ni hii miguu ndiyo iliniponyesha," Wilfried akasema. Watu wote wakanigeukia mimi.

Nimeelewa. Sitafunga tena kifundo maisha yangu yote, naapa.

Jioni Constance amesema watoto hawana chakula, na kesho wanaume kumi watashuka mashambani kuleta muhogo. Amenitaja wa kwanza. Chini bado kuna askari! Nimetafakari sana. Kiwiko! Asiyekunja mkono hawezi kung'oa muhogo, na kiwiko hakihusiani na kukimbia hata kidogo. Nimekifunga cha kulia, kwa ubao wa sanduku la Bibi Pulchérie. Déogratias ameniuliza ni kiwiko gani. Safari hii nimemwambia cha kushoto, tusifanane.

Bega limeanza kuuma. Ni baridi ya huku milimani.