Chuma cha Ethi na Kanga ya Shangazi

Jumatatu, 13 Desemba 1999

Sijamwambia mtu yeyote. Aliyeiua redio ya Baba ni mimi. Radi ilikuja, ndiyo. Lakini mimi ndiye niliyeifungulia mlango.

Nyumba yetu hapa Rahaleo ina mlingoti wenye antena, na chumbani kwa Baba kuna redio ya kuongea na watu wa mbali. Kulikuwa na redio, niseme. Baba ana leseni yake, imetundikwa ukutani. Sheria yake ni moja: wingu likinguruma, chomoa waya wa antena nyuma ya redio, ukaubane kwenye chuma cha ethi, kile kilichopigiliwa ardhini nje ya dirisha. Radi ikija ishukie udongoni. Nilimwambia nimeelewa. Kidato cha nne Fizikia nilikuwa wa pili!

Juzi Jumamosi Baba alikuwa Kilambo kikazi. Asubuhi jirani yetu Bi Halima akaja kuomba kitu cha kufulia nazi. Anauza vitumbua vya futari, Ramadhani ndiyo imeanza, na kifuo chake kimeliwa na mchwa. Mimi kumkatalia mtu mzima siwezi. Hata kumkubalia natazama chini. Nikamng'olea chuma cha ethi. Kina ncha nzuri sana.

Saa tisa, ngurumo. Nikachomoa waya. Chuma hakipo! Waya kuning'inia ovyo niliona ni hatari. Nikaurudisha kwenye redio. Kisha nikafanya anachofanya Shangazi Yustina kwa kioo cha kabati kila mvua ikija: nikaifunika redio kanga yake, maana nayo ina kioo mbele.

Mshindo. Moshi. Tundu la kanga ni kubwa kuliko sahani.

Shangazi akasoma maneno yaliyosalia kwenye kanga: Hasidi hana sababu. Akasema basi, ushahidi umejiandika. Si wiki iliyopita Bi Halima alipayuka mbele ya watu kwamba mlingoti wetu utaleta moto? Umeleta. Radi ya kutumwa! Leo sinia la Bi Halima limebaki limejaa. Vitumbua vya Sharifa wa ng'ambo ya barabara, vigumu kama soli ya kiatu, vimekwisha kabla ya magharibi.

Jumanne, 14 Desemba

Baba amekaa mbele ya redio kama aliyefiwa. Haamini mambo ya kutumwa, lakini hana nguvu ya kubishana na dada yake. Kila Jumamosi alikuwa anaongea na rafiki yake Petro wa Masasi. Mwezi uliopita alinipa maiki. Nilisema jina langu tu. Petro akajibu kwamba sauti ya Magreth inafika safi kabisa. Hakuna mtu aliyewahi kuniambia hivyo. Shuleni nikijibu swali, mwalimu alikuwa akiniuliza kama nina homa.

Nimepanga mpango. Barua isiyo na jina, kwa mwandiko wa mkono wa kushoto, inayoeleza kwamba radi hufuata waya na mlingoti, haitumwi na muuza vitumbua. Nimeiweka chini ya sahani ya Baba.

Jioni: penye sahani ile alikaa Shangazi. Alipiga yowe hadi mtaa wa pili. Anauliza ni nani atakayejua habari za radi kwa undani hivyo kama si mwenye kuituma? Mchawi sasa anatuandikia barua! Mwandiko wenyewe, alisema, si wa binadamu.

Alhamisi, 16 Desemba

Bi Halima leo alipanga vitumbua thelathini. Nimeviona kutoka dirishani, vyekundu pembeni, vyeupe katikati, na hakuna anayesimama. Anawaambia wapita njia karibuni. Wanaangalia angani.

Mpango mpya. Maneno siyawezi, basi vitendo! Nikanunua saba, nikasimama barabarani watu wote wanione, nikavila kimoja kimoja huku nikitabasamu. Waone havina kitu.

Saa tisa mchana. Mwezi wa Ramadhani. Katikati ya watu waliofunga!

Wazee walioketi barazani waligeuza nyuso wote kwa pamoja. Bi Halima mwenyewe ndiye aliyenitimua, akisema hata kama mimi ni Mkristo, adabu haina dini, na mteja wa namna hii bora amkose. Nilikimbia. Vitumbua saba na mbio havipatani. Nimetapika mbele ya geti la Sharifa. Sasa mtaa mzima unajua kwamba vitumbua vya Bi Halima vina sumu.

Jumamosi, 18 Desemba

Siku mbaya kuliko zote.

Baba ametafuta chuma cha ethi, hakukiona. Shangazi akachungulia uani kwa Bi Halima: kile pale, kimesimama, kina makumbi ya nazi chini yake. Watu wakajaa. Shangazi anasema mchawi aliiba kinga kwanza, radi ikafuata. Bi Halima akasema hajaiba, alipewa, tena nyumbani kwetu. Baba akamuuliza ni nani aliyempa.

Bi Halima akanitazama. Mikono yake ilikuwa na unga wa mchele hadi kwenye viwiko. Nilifungua mdomo. Ikatoka pumzi tu.

Akasema amesahau. Uzee, mwanangu, uzee.

Baba akafikiri sana. Kisha akasema kwa sauti kwamba basi ni yeye. Asubuhi ile alitoka na haraka ya gari la Kilambo, lazima alimpa akasahau. Akamwomba Bi Halima radhi mbele ya watu wote, akisema ujinga umetoka nyumbani kwake, asisingiziwe mtu. Akanunua sinia zima.

Baba yangu, ambaye hajawahi kusahau hata siku ya kubadilisha betri za saa! Sikula.

Jumatatu, 20 Desemba

Vitumbua vinauzika tena. Petro ametuma redio yake ya zamani kwa basi kutoka Masasi. Baba ameifunga, amekipigilia chuma upya, na kunikabidhi sheria ileile. Amesema ananiamini mimi kuliko anavyojiamini yeye. Kisha ameenda kazini Naliendele.

Saa nne Bi Halima amekuja dirishani. Fundi hajamletea kifuo, nazi ni kumi na mbili, magharibi haingoji. Hakutaja jambo la Jumamosi. Alisema tu, mjukuu wangu, kile chuma.

Ningesemaje?

Saa nane sasa. Upande wa Naliendele kumekuwa kweusi na kumeanza kunguruma. Lakini sina wasiwasi. Safari hii nimeifunika kanga mbili.

Wewe unayesoma, nakuomba, usimwambie Baba.