Nukta Moja Ukutani

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Nina miaka sabini na tisa. Nimewazika wachora mabango wote wa rika langu, mabosi wasiohesabika, na mashine moja ya kuchapa mabango ya plastiki iliyoletwa kunimaliza. Darasa la pili sikulimaliza, lakini hakuna msomi anayechora herufi G kama mimi.

Leo mwenye stoo kanipa ukuta wake. Anataka: USIEGESHE GARI HAPA. USITUPE TAKA HAPA. USIKOJOE HAPA. USIBANDIKE MATANGAZO HAPA. Rangi kanipa kopo moja, dogo, tena lilishaguswa. Nikamwambia inatosha na kubaki. Haitoshi.

Binti yangu kaniwekea sharti. Nikiharibu na kazi hii, ngazi inauzwa na mimi nakaa kitini. Kiti chenyewe keshanunua. Kina mto.

Jumanne, tarehe 4

Dawa nimeipata mezani, wakati wa chai. Binti kazi yake ni kubana data. Anaandika programu ya kubana ripoti za zahanati ili zipite kwenye mtandao dhaifu. Nikamuuliza anabanaje. Akasema, baba, kinachojirudia hakitumwi kizima mara ya pili, inatumwa alama fupi badala yake. Akaendelea kueleza. Mimi nilishaondoka na ngazi.

USI nimeifanya nukta. HAPA nimeifanya duara. Rangi imebaki kweli! Iliyobaki nimeandikia jina langu na tarehe pembeni, kwa herufi kubwa kuliko za tangazo.

Shemeji ndiye aliyenishikia ngazi. Ni kaka wa marehemu mke wangu, mpiga taipu mstaafu, mtu wa kujua kila kitu. Akasema kubana maneno alianza yeye, ofisini, zamani hizo. Nikamwambia ashike ngazi.

Jumatano, tarehe 5

Asubuhi nimekuta wanaume wamejipanga ukutani, kila mmoja na duara lake. Nukta hakuna aliyeiona. Walichosoma ni KOJOE, na duara wakadhani ni pa kulenga. Mmoja akanishukuru, akasema mji huu ulikosa utaratibu.

Mwenye stoo akaniuliza kama mimi ni mzima. Nikamjibu tatizo ni wasomaji. Kanipa hadi Jumamosi.

Nikaanza kuongeza ufunguo kwa chini, kwa masalio ya kopo: NUKTA MAANA YAKE NI USI. DUARA MAANA YAKE NI HAPA. Rangi ikanikatikia kwenye DUARA. Shemeji akahesabu herufi kwa kidole, roho mbaya ile, akatangaza kwamba hata nikimaliza, tangazo pamoja na ufunguo vitapita maneno ya mwanzo.

Binti alicheka mpaka akakalia kile kiti. Akasema ufunguo wake unakaa tayari ndani ya kila simu, hausafiri na ripoti, na kitu kifupi ukikibana vibaya kinanenepa. Nikamwambia angesema mapema. Akasema alisema jana, nikiwa natoka na ngazi.

Alhamisi, tarehe 6

Binti ana mawili yanayomsumbua. La kwanza, programu ilikuwa inatafuta marudio tangu mwanzo wa ripoti, simu inachemka kama pasi. Nikamshauri. Mimi nikiwa juu ya ngazi sitafuti neno ukuta mzima, naangalia pale tu shingo inapofika. Akasema hiyo wanaiita dirisha, imo vitabuni kabla hajazaliwa, na keshaiweka. Nimeibiwa kabla sijavumbua.

La pili ni hataza. Hiyo ni hati ya mvumbuzi, ya kuwazuia wengine wasitumie alichobuni. Anasoma hataza za watu mpaka macho yanavimba, asije akashitakiwa. Mwisho kachagua njia ya kizamani ambayo ulinzi wake umekwisha muda.

Nikafikiri, yake imekwisha muda, yangu bado mbichi. Kesho naiandikisha. Mwenye stoo akisikia nukta zangu zina hati ya serikali, ataziheshimu. Binti akanisihi nisiende. Akasema wataniuliza kama nimeshaionyesha hadharani. Nikamwambia hapo hawanipati, mji mzima umeiona. Akashika kichwa. Furaha, nadhani.

Ijumaa, tarehe 7

Ofisi ya hataza. Nani nimemkuta kwenye benchi? Shemeji. Kavaa koti la harusi yake. Kaja kuandikisha ubanaji WAKE, na picha ya ukuta WANGU. Jina langu kaliziba na kidole gumba wakati anapiga picha. Tarehe kasahau kuiziba.

Karani, mama mpole mwenye miwani, akauliza kidole ni cha nani. Shemeji akatazama dari. Nikadai haki yangu. Karani akasema kitu kilichokwisha kuonwa na watu wote si kipya tena, hakipati hataza, kiwe changu au cha mwenye kidole. Kwa hiyo nimemshinda shemeji. Tumerudi pamoja, nauli alikuwa nayo yeye.

Jumamosi, tarehe 8

Mwenye stoo kapaka ukuta chokaa. Bango la plastiki linakuja.

Binti katimiza sharti, ngazi imeuzwa. Kainunua shemeji.

Programu ya binti imepita majaribio. Ripoti ya zahanati ya mbali imefika, na simu haikuchemka. Nikasema ni ile shingo yangu. Hakubisha. Akanipa kopo jipya, akaniomba nichore jina la programu kwenye mlango wa ofisi yake, usawa wa kifua, bila ngazi, bila kubana. Nilitoka nje kidogo. Vumbi liliniingia machoni.

Jumapili, tarehe 9

Kiti ni kizuri, mtu anafikiri. Nimeona kosa langu. Sikubana vya kutosha. Kilichobanwa kinabanwa tena, kisha tena. Ukuta wote nimeufikisha nukta moja. Binti akasema kilichobanwa vizuri hakibaniki tena, na nukta moja inaweza kumaanisha chochote. Nikamwambia ndiyo uzuri wake.

Safari hii haiibiwi. Nimeichora mapema kwenye ukuta unaotazamana na ofisi ya hataza, juu kabisa, na jina langu na tarehe, watu wote waone ni yangu kabla sijaiandikisha kesho. Rangi nimetumia ya mlango wa binti. Mlango utasubiri.

Anayebisha amuulize karani, ataiona akifungua dirisha. Au amuulize shemeji. Ngazi kashika yeye, na kidole gumba chake, kile kile cha picha, bado kina rangi mbichi.