Njiwa Asirudi Kwao Bila Kibali

Umma unatangaziwa kwamba, kuanzia Jumatatu saa mbili kamili asubuhi, ni marufuku kwa njiwa yeyote wa mashindano aliyepotea kurudi kwao mwenyewe. Kurudisha njiwa ni kazi ya Serikali.

Tangazo hilo lilibandikwa kwenye mlango wa Idara ya Urejeshaji wa Njiwa Waliopotea. Aliyelibandika alikuwa karani wa mapokezi, mtu mpole aliyeamini kila kitu kilichopigwa mhuri. Alilinyoosha kwa kiganja, akarudi nyuma hatua mbili, akalisoma tena, akaona lina mantiki. Zamani njiwa akipotea mbioni alipumzika juu ya paa la watu, akapata akili, akaenda zake kwao. Hakuna aliyejua kapita wapi wala karuhusiwa na nani. Mambo gani hayo? Tangu Idara ianzishwe, kila njiwa mgeni alikamatwa, akatiwa tunduni, akafunguliwa jalada. Kwa miaka mitatu Idara ilikuwa imefungua majalada mia nne na kumi na mawili. Njiwa waliorejeshwa kwa wenyewe walikuwa wawili, na mmoja wao baadaye aligundulika kuwa kuku.

Mtu wa kwanza dirishani alikuwa Mama Cherehani, kama kila Jumatatu. Kibanda chake cha ushonaji kilikuwa ng'ambo ya barabara, kikitazamana na Idara, na juu ya paa alikuwa amewajengea njiwa wake nyumba ya mbao za makreti. Jike lake, Kishada, lilipotea mashindanoni miezi minne iliyopita.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kishada kapatikana?"

"Jalada lake linashughulikiwa."

"Jalada la nini? Mimi namtaka njiwa. Mume wake hali, hanywi, kutwa kakaa mlangoni anatazama huku kwenu. Atanifia yule!"

"Fomu umeijaza, mama?"

"Yote, isipokuwa hapa." Aliweka kidole chenye tondoo ya kushonea juu ya swali la kumi na moja. "'Sababu ya kupotea, ijazwe na njiwa mwenyewe.' Sasa nitamuulizaje na hayupo?"

Karani alikiri kwamba hilo ni swali zuri. "Ndiyo maana ni lazima kwanza apatikane, mama. Na hawezi kutafutwa mpaka fomu ikamilike."

"Basi nimwone Mkurugenzi."

"Mkurugenzi ametoka kidogo."

Kutoka ghorofani ilisikika sauti ya Mkurugenzi akikoroga chai.

"Wanasema kikulacho ki nguoni mwako," alisema Mama Cherehani, akikunja fomu yake taratibu. "Mimi nguo nashona kutwa kucha, sijui nianzie kuipekua ipi." Akavuka barabara, akarudi cherehanini.

Karani alipanda ghorofani na kopo la mtama. Kando ya dirisha la Mkurugenzi lilining'inia tundu la shaba, na ndani yake alikaa Bingwa, njiwa ambaye Mkurugenzi alimwonyesha kila mgeni kuwa ni wake tangu kifaranga. Mguu wa kushoto wa Bingwa ulikosa ukucha mmoja, na bawa la kulia lilikuwa na unyoya mmoja mweupe. Ndivyo Mama Cherehani alivyojaza swali la nne, kuhusu alama za Kishada. Kishada alikuwa amekamatwa mbali sana, akaletwa makao makuu kwa gari la Serikali, siku nzima njiani, akatundikwa hatua arobaini kutoka kwao. Kutwa alitazama ng'ambo.

Karani alikuwa ameligundua jambo hilo wiki tatu zilizopita, na kila alipomwaga mtama aliona haya. Alikuwa ametafuta mahali pa kuliandika. Haikuwapo fomu.

"Ijumaa Waziri anakuja," alisema Mkurugenzi, akijitazama kwenye kioo cha kabati. "Nitamrusha Bingwa mbele yake. Dakika kumi tu, atakuwa amerudi hapa dirishani. Njiwa anamjua bwana wake."

Karani alifungua kinywa. Kisha akaukumbuka Waraka Namba Tisa, uliosainiwa na Mkurugenzi mwenyewe: watumishi wa ngazi ya chini wasitoe ushauri ambao haujaombwa. Akakifunga. Kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe, aliupenda waraka kwa moyo wake wote.

Ijumaa viti vilipangwa uani. Mkurugenzi alihutubia kwa dakika hamsini juu ya umuhimu wa kutopoteza muda. Waziri alisinzia kwa heshima. Hatimaye tundu lilifunguliwa.

Kishada alipanda juu, akazunguka mara moja, akavuka barabara na kutua kwenye paa la Mama Cherehani. Dume likatoka mbio ndani ya makreti, likavimba shingo, likalizunguka jike lake kama bwana harusi aliyepoteza pete. Mama Cherehani alitoka kibandani na futi yake ya kupimia shingoni. Alitazama juu. Akalia pale pale barabarani, bila kuficha.

"Kishada! Mama yangu, umerudi!"

"Mkamateni!" Mkurugenzi alifoka. "Huyo ni njiwa wangu! Amepotea tu!"

Waziri aliamka. "Amepotea?"

"Kidogo tu, Mheshimiwa."

"Ah, safi kabisa!" Waziri alivuta kiti mbele. "Hebu tuone Idara inavyofanya kazi."

Mkurugenzi alitazama kushoto, akatazama kulia, kisha akaenda kusimama kwenye dirisha la mapokezi. Karani alikuwa tayari ndani, kalamu mkononi.

"Karibu, mzee. Mwombaji nani?"

"Unanijua!"

"Idara haimjui mtu bila fomu. Alama za njiwa?"

"Hana ukucha mmoja, mguu wa kushoto. Bawa la kulia lina unyoya mweupe."

Karani alifungua jalada nene, akasoma polepole, Waziri akisikiliza. "Alama hizi zilikwisha andikishwa miezi minne iliyopita. Na mtu mwingine. Lakini Idara haibagui, tuendelee. Sababu ya kupotea? Ijazwe na njiwa."

"Upuuzi gani huu?"

"Ni kazi ya mkono wako, mzee. Na hapa chini panahitaji saini ya Mkurugenzi."

"Mkurugenzi ni mimi!"

"Mwombaji haruhusiwi kujisainia. Kifungu cha sita."

Ng'ambo, dume lilikuwa linakula kwa fujo, mtama ukiruka hadi barabarani.

Mkurugenzi alishusha sauti. "Ndugu yangu, tafadhali. Mwite basi mtu anisaidie."

Karani aligeuka, akazitazama kwa makini ngazi za kwenda kwenye kiti kitupu cha ghorofani, akamrudia mwombaji wake kwa upole wote wa miaka mitatu.

"Mkurugenzi ametoka kidogo," alisema. "Njoo Jumatatu, mzee. Uwahi foleni."